Nyota wa Filamu Moja

Wapo waigizaji walioonekana kwenye filamu moja tu na hadi leo hawasahauliki. Kampala ina wa kwake, na kwa bahati mbaya alikuwa rais. Mnamo 1974 Idi Amin Dada alimfungulia milango Barbet Schroeder, mwongozaji wa filamu Mswisi aliyefanya kazi Ufaransa, aliyekuja na mpiga picha Nestor Almendros. Amin hakuridhika na kupigwa picha tu. Alijipangia matukio, akaamua watu waoneshwe nini, na hata muziki wa kodiani unaosikika humo ni wake. Schroeder aliona jinsi mwenyeji wake anavyojichongea, basi akaipa filamu jina la kusema kwamba Amin ndiye aliyejichora.

Na anaigiza vizuri, tusimnyime haki yake. Yumo ndani ya boti kwenye mto Nile, anawapigia soga wanyama walio ukingoni. Yumo kwenye bwawa la kuogelea, anashindana na wenzake huku akiwazibia njia, kisha anafurahia ushindi kama kijana wa shule. Kilimani, akiwa na askari wachache, anaonesha namna atakavyoinyang'anya Israeli miinuko ya Golan. Kicheko chake kizito kinaambukiza. Mtazamaji hushtukia ameshacheka naye kabla hajakumbuka ni nani anayemchekesha.

Mtego ulikuwa hapo. Mwaka huohuo huko London, Alan Coren wa jarida la Punch alitoa kitabu kizima cha mzaha kilichoigiza taarifa za Amin kwa Kiingereza kilichovunjwavunjwa. Watu waliangua vicheko. Msomaji aliyemcheka Amin kwa Kiingereza chake alijiona amemshinda, na mtu akishajiona ameshinda haulizi tena kinachoendelea nyuma ya pazia. Sisi wapenzi wa Kiswahili nasi tusijitoe. Ni Amin aliyekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa ya Uganda mnamo 1973, na ni rahisi kumsifu kwa hilo tukasahau kwamba Waganda wengi walikijua kama lugha ya mtu mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani.

Sehemu inayostahili kutazamwa mara mbili haina tembo wala kodiani. Ni kikao cha baraza la mawaziri. Amin anahutubia, anarukia jambo hili kabla halijaisha lile, anakemea, anatabasamu. Mawaziri wameinamisha vichwa, wanaandika. Hakuna anayeuliza swali. Ni wasomi na maofisa wazima, nao wanayaandika maneno yasiyoshikika kwa bidii ya wanafunzi wanaoogopa kiboko. Miongoni mwao yupo Michael Ondoga, waziri wa mambo ya nje, ambaye wizara yake inalaumiwa mbele ya wenzake na mbele ya kamera. Wiki mbili hivi baadaye mwili wake uliokotwa katika mto Nile. Ni mto uleule wa soga za kwenye boti.

Ndiyo maana napenda kuwashauri vijana wanaoitazama filamu hii, na wanaosambaziana kwenye simu vipande vya video vya wakubwa wenye vituko, wasimkodolee macho mchekeshaji. Wawatazame waliokaa kando yake. Je, wanacheka kwa kupenda, au wanachungulia kwanza kama yeye amecheka? Nani anathubutu kumkatiza? Mtu mmoja akitoa mzaha na wote wengine wakiandika, mzaha huo hauna cha kuchekesha.

Kuna mkutano mwingine humo, na madaktari wa Uganda. Kamera inaukaribia uso wa Amin anapowasikiliza wao badala ya kusema yeye, na uso huo hautulii. Mwigizaji hodari ameishiwa na maneno ya kuigiza. Huenda ndicho kipande pekee ambacho hakukipanga.

Filamu ilipoanza kuoneshwa Ulaya, Amin alipata habari za yaliyomo, akataka baadhi ya sehemu zikatwe. Schroeder akakataa. Amin akawakusanya karibu Wafaransa 200 waliokuwa Uganda, akawafungia hotelini huku jeshi limeizingira, akawapa namba ya simu ya mwongozaji wampigie wenyewe. Schroeder alikata dakika mbili na nusu hivi, watu wakaachiwa. Waliokuwa bado wanamwona Amin kama kichekesho walikosa la kujitetea baada ya hapo, ingawa wengi waliendelea kucheka.

Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala, Amin akakimbia, na Schroeder akazirudisha dakika zilizokatwa. Idadi ya waliouawa katika miaka ile minane inakadiriwa kufika hadi 300,000. Mnamo 2005 mwigizaji Forest Whitaker alikuja Uganda kuigiza nafasi ambayo Amin mwenyewe alishaiigiza. Alijifunza Kiswahili, akajifunza kodiani, na mwaka 2007 akapewa tuzo ya Oscar. Mwenye nafasi alikuwa amekwisha kufa huko Jeddah, Agosti 2003, baada ya kuishi uhamishoni kwa zaidi ya miaka 20 bila kupandishwa kizimbani hata siku moja.