Kuachia Ukubwa kwa Mbali

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga vyuo vikuu vya Kongo, wanafunzi wengi walirudi makwao. Vyama vyao je? Tuseme mkubwa yuko Bukavu, naye mrithi wake yuko Kalemie: watapokezana kazi kwa simu tu?

Wakikutana, sanduku hufunguliwa, feza huhesabiwa, wote wanaona. Kwa mbali ni rahisi kuficha deni, au kubaki na neno la siri na kutawala chini chini.

Basi tunasema: anayeachia kazi ataje madeni kwanza, wanachama wote wakisikia, kisha asibaki na ufunguo hata mmoja. Anayepokea naye aulize bila haya. Ukubwa ni amana: hurudishwa nzima, wala umbali si udhuru.