Kung fu bila steringi

Jenerali Qi Jiguang alitumia miaka mingi ya maisha yake kupigana na maharamia waliokuwa wakivamia pwani ya mashariki ya Uchina katika karne ya 16. Mnamo 1560 hivi aliandika kitabu cha kufundishia askari, na humo, pamoja na habari za mikuki, ngao, safu za vita na nidhamu ya kambi, aliweka sura moja ya mapigano ya mikono mitupu yenye mikao 32. Angeweza kuisifia sanaa hiyo apendavyo. Badala yake alikiri kwamba ngumi hazionekani kuwa na kazi kubwa majeshi yanapokutana. Faida yake, alieleza, ni kuuzoeza mwili, ili askari anapokuja kushika silaha, mikono na miguu iwe tayari inamtii.

Nampenda jenerali huyu kwa kukiri huko. Alijua kwamba ukimwaminisha kijana kuwa ngumi zitamwokoa mbele ya mkuki, umemuua wewe. Na kadiri ninavyozidi kuzisoma sanaa za mapigano za Kichina, na kuzifanya kwa kiwango changu, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba moyo wa sanaa hizo uko hapo: ni mafunzo ya kumzuia mtu asijidanganye. Wenye sanaa hizo wenyewe wamelisahau hilo mara nyingi, lakini haliachi kuwa kweli.

Wengi wa rika langu tulizijua kwa mlango mwingine. Tulilipa kiingilio kwenye mabanda ya video, tukabanana kwenye mabenchi, sauti ya Lufufu, mtafsiri wa sinema, ikitusimulia yanayotokea. Hadithi ilikuwa ile ile: mzee anauawa na adui mwanzoni kabisa, steringi anapanda mlimani kwa babu mwenye ndevu nyeupe, anabebeshwa ndoo za maji, anachapwa fimbo, muziki unalia dakika chache, na akishuka ameshaiva. Tukitoka hapo tulirushiana mateke hadi magharibi. Sizidharau sinema zile, maana zilitupa hamu ambayo wengine hatujaipoteza hadi leo. Lakini zile dakika chache za muziki ndizo kung fu yenyewe, na ndizo ambazo sinema ilizikata ikazifupisha ili tusichoke.

Chukua mkao wa farasi, mabu, ambao shule nyingi za kaskazini na kusini mwa Uchina huanza nao. Miguu imetanuliwa kuzidi upana wa mabega, nyayo zinatazama mbele, magoti yamekunjwa mpaka mapaja yanakaribia kulala sambamba na ardhi, mgongo umenyooka, ngumi mbili ziko kiunoni. Basi. Unasimama hivyo. Mwanzoni unajiona imara. Halafu moto unawaka juu kidogo ya magoti, unapanda, mapaja yanaanza kutetemeka, na akili nayo inaanza kutafuta pa kutorokea. Makalio yanatoka nyuma kidogo. Kifua kinainama. Magoti yananyooka polepole kiasi kwamba mwenyewe huna habari, unadhani bado uko chini kama ulivyoanza. Aliyesimama mbele yako anaona kila kitu. Anakuja, anakugusa bega kwa vidole viwili, na unarudi chini ulikotoka.

Hakuna fedha inayonunua mabu, wala cheo, wala cheti. Ndiyo maana Wang Xiangzhai, aliyezaliwa mkoani Hebei mwaka 1885 na kulelewa katika mtindo wa xingyi, alipoanzisha njia yake aliyoiita yiquan, aliachana na ile mifuatano mirefu ya mapigo ya kukariri na kuweka kusimama tuli katikati ya mafunzo. Aliona watu wanajua mifuatano mingi, wanaipamba, wanaionyesha mbele ya watazamaji, na miguu chini yao mitupu. Nadhani alikuwa na haki, ingawa mimi binafsi naipenda ile mifuatano na nisingependa ipotee.

Taijiquan, ambayo wengi huiita tai chi, nayo ina zoezi lake la kumfunua mtu. Linaitwa tuishou, kusukumana mikono. Wawili wanasimama uso kwa uso, mguu mmoja mbele, vifundo vya mikono vimegusana, na wanazungushana polepole. Mmoja akisukuma, mwenzake hapingi. Anageuza kiuno, anaipisha ile nguvu ipite kando ya mwili wake, kisha anamrudishia. Hapa ndipo mafundisho ya Kitao juu ya ulaini, ambayo kwenye vitabu yanaweza kusomeka kama mafumbo ya wazee, yanakuwa jambo la mbavu na nyonga. Aliyekakamaa amempa mwenzake mahali pa kumshika. Aliyelegea hana.

Mwalimu wa darasa ninalofanyia mazoezi, Mtanzania aliyejifunza huko Uchina, si mtu wa maneno mengi. Kuna mwenzetu darasani, mstaafu wa bandarini, mwenye mikono minene iliyobeba mizigo maisha yake yote. Siku moja alikuwa amemkazia mwalimu barabara, shingo imesimama mishipa, jasho linamtiririka, na sote tuliotazama tuliamini mwalimu analemewa. Mkono wa mwalimu ulikuwa juu ya wa yule mzee tu, haushiki, haubonyezi.

"Mzee wangu," akamuuliza, "unanisukuma mimi, au unaniegemea usianguke?"

Mzee akanyamaza kidogo, akajisikiliza. "Nakuegemea, Mwalimu."

Mwalimu akaondoa mkono, na mzee akaenda hatua mbili mbele peke yake. Hakuna aliyecheka. Lile jibu lilikuwa zito kuliko msukumo wowote niliowahi kuuona pale. Mtu wa umri ule, mbele ya vijana, kukubali kwamba nguvu yake yote ilikuwa inategemea upinzani wa mwenzake! Baada ya hapo nilimtazama akibadilika wiki kwa wiki. Mabega yalishuka. Siku hizi kumng'oa si kazi ndogo.

Historia ya sanaa hizi imehitaji watu wa namna hiyo hiyo, wa kukubali kusema lililopo. Hekalu la Shaolin, katika mkoa wa Henan, lilianzishwa mwaka 495, na kwa muda mrefu ilisimuliwa kwamba mtawa Bodhidharma kutoka India ndiye aliyewafundisha watawa wake mapigano. Taijiquan ilihusishwa na mtakatifu wa Kitao wa mlima Wudang, Zhang Sanfeng. Mwaka 1930 mwanahistoria Tang Hao alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba masimulizi yote mawili hayana mguu wa kusimamia. Wakereketwa wa sanaa walikasirika, kwani aliwanyang'anya mababu. Yeye akaenda hadi Chenjiagou, kijiji cha ukoo wa Chen, huko huko Henan, akapekua nyaraka za ukoo, na chimbuko la taijiquan akalifikisha kwa Chen Wangting, mwanajeshi wa karne ya 17. Mikao mingi ya Chen inafanana na ile 32 ya jenerali Qi. Kwa hiyo sanaa inayosifiwa kuteremka kutoka kwa watakatifu ilipitia kwenye kitabu cha kambi ya askari.

Mimi sioni hasara hapo. Shaolin yenyewe ina habari za kweli zinazotosha: jiwe la kumbukumbu la mwaka 728 lingali hekaluni, na linaeleza jinsi watawa walivyomsaidia vitani, mwaka 621, mwanamfalme Li Shimin, ambaye baadaye alikuja kuwa mfalme Taizong wa enzi ya Tang. Aliye na babu wa kweli hana haja ya kujitungia mwingine.

Uongo wa siku zetu ni mchungu zaidi, maana unauzwa. Mwezi Aprili 2017, mjini Chengdu, Xu Xiaodong, mpiganaji wa mapigano mchanganyiko, alipambana na Wei Lei, aliyejulikana kama bingwa wa taijiquan. Haikuchukua hata nusu dakika. Wei alikuwa chini, anapigwa. Video ilienea, na hasira nyingi zikamwangukia Xu, kana kwamba ameutukana utamaduni mzima. Kwa maoni yangu alitenda alilopaswa kulitenda Mchina anayeupenda urithi wake. Kama mtu anajitangaza kuwa na nguvu za ajabu, na katika miaka yote ya kutangaza hakuna aliyewahi kumrushia ngumi ya kweli, basi wanafunzi wake wamekuwa wakidanganywa, na wanalipa ada kwa kudanganywa huko.

Wapo waliosema baada ya pambano lile kwamba taijiquan haina maana. Nao wamekosea. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Oregon, Marekani, uliohusisha wagonjwa 195 wa maradhi ya Parkinson. Waliofundishwa taijiquan kwa wiki 24 walisimama imara zaidi kuliko wenzao waliopewa mazoezi ya kunyoosha viungo au ya kujenga misuli. Kwa mzee ambaye kuanguka chooni kunaweza kuwa mwanzo wa safari yake ya mwisho, hiyo ni kinga kubwa kuliko teke lolote la steringi. Muhimu ni kuwa wazi tu kuhusu unachokifundisha: afya, au ulinzi, au vyote viwili, na kwa kiwango gani.

Mabingwa wa zamani waliuweka wajibu huu wa mwalimu chini ya wude, maadili ya mpiganaji. Mwanafunzi hakupokelewa ndani ya nyumba ya mwalimu kwa sababu tu amekuja na ada. Alitazamwa kwanza, pengine kwa miaka: anavyosema na wadogo zake, anavyopokea kushindwa, kama ni mgomvi akinywa. Ndipo alipopiga magoti mbele ya mwalimu, akamtolea kikombe cha chai, akaingizwa katika ukoo wa sanaa. Desturi hiyo ilikuwa na ubaya wake, kwa kuwa ilizaa pia walimu waliojifanya miungu na siri zilizokufa na wenyewe. Lakini ilijua kwamba ukimpa mtu uwezo wa kuumiza wengine, unawajibika kwa mkono wake.

Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, ya kwanza kuletwa Afrika, imeiingiza wushu, yaani sanaa hizi kama mchezo wa mashindano, katika orodha ya michezo ya medali. Watoto wetu watavutiwa, na madarasa yatachipuka mitaani, mazuri na mabaya. Mzazi mwenzangu, usianze na bei, wala usidanganywe na picha za ukutani na sare zinazong'aa. Omba ukae pembeni utazame darasa zima, tangu salamu hadi mwisho. Angalia kama mwalimu anasimama mabu pamoja nao, kama anamruhusu mwanafunzi amsukume kwa nguvu zake zote, na anafanya nini akisukumwa akasogea. Ukiona pale hakuna anayethubutu kumgusa, mshike mwanao mkono mwondoke.