Ukuta Hauendi Mpaka Chini

Kisauni na Likoni, ukiambiwa kuna maji, swali linalofuata ni moja: ya chumvi au matamu? Ya chumvi ni ya kudeki, kuosha vyombo na kumwaga chooni. Matamu ni ya kunywa na kupikia, na mtungi wake wa lita 20 kwenye mkokoteni huwa ghali zaidi. Mtoto wa huku anaijua tofauti hii kabla hajajua kusoma. Anajua pia kuna maji yasiyotaka kutoa povu: unasugua sabuni mpaka mkono unachoka, na birika la chai linajenga ukoko mweupe ndani kama limepakwa chokaa.

Na kweli ni chokaa. Sehemu kubwa ya ukanda wetu wa pwani imekaa juu ya jiwe la matumbawe. Mvua ikipita angani na udongoni hubeba hewa ya kaboni, inapata ukali kidogo, kisha inalila lile jiwe polepole na kuondoka na madini yake. Hayo ndiyo maji magumu. Ugumu wenyewe hauui mtu, unamaliza sabuni tu. Chumvi ni habari nyingine, na uchafu wa choo ni habari nyingine kabisa. Lakini jiwe ni lile lile, na lina matundu. Palipo na njia ya maji pana njia ya vingine.

Sasa swali langu: mtu anaposema "kisima changu", anamiliki nini hasa?

Jibu la haraka ni kwamba ploti ni yake, pesa ni yake, fundi alimlipa yeye. Kule chuoni, kabla sijaondoka bila cheti, tulisomeshwa John Locke, Mwingereza aliyeandika katika karne ya 17 kwamba maji ya chemchemi ni ya wote, lakini yaliyomo mtungini ni ya aliyeyateka. Jasho lake ndilo lililoyafanya kuwa yake. Locke aliweka na sharti: uwabakishie wengine ya kutosha, na yawe mazuri kama uliyochukua. Wenye visima wengi wanaishi kwa nusu ya kwanza ya maneno hayo bila hata kumsoma. Nusu ya pili haina wenyewe.

Na huku pwani hiyo nusu ya pili ina hesabu. Chini ya ardhi, maji matamu huelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi zaidi. Kwa makadirio yanayotumiwa na wanajiolojia, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia takriban mita 40 chini yake. Ukivuta mpaka ile mita 1 ishuke, chumvi inaweza kupanda mita 40 baada ya muda. Yaani pampu haichoti tu, inaita bahari. Kisima chenye pampu chaweza kuharibika kwanza, lakini mara nyingi hakiharibiki peke yake. Jirani mwenye kisima cha ndoo na kamba anaamka siku moja chai yake ina chumvi. Hakuna aliyemwibia hata mtungi mmoja. Kilichopotea ni utamu, na utamu hauna hatimiliki.

Choo nacho ni vivyo hivyo. Mimi nachimba shimo ndani ya ukuta wangu, mwenzangu anachota upande wa pili wa ukuta huo huo. Akichemsha, anaua vijidudu. Chumvi haitoki kwa kuchemsha, wala naitreti, ambayo ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga.

Wanazuoni wa fiqhi waliliona hili zamani. Kisima kina harimu yake, eneo linalokizunguka ambalo mwingine hachimbi, na mafundisho kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto si mageni kwenye madrasa zetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya Maji ya 2016 inasema rasilimali za maji zimeshikwa na serikali kwa amana ya wananchi.

Najua kuna atakayesema: usituletee falsafa, mfereji umekauka. Ana hoja. Maji ya Mombasa hutoka mbali: Mzima kule Tsavo, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere katika milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Yasipofika, anayeokoa mtaa ni mwenye kisima. Changamwe hata njia hiyo ni finyu, kwa sababu miamba ya huko haihifadhi maji mazuri kama mchanga wa Kisauni. Na asiyechimba si kwamba ana moyo safi kuliko aliyechimba; pengine hana pesa tu.

Lakini hoja hiyo inamgeukia. Kama kisima kimeshika nafasi ya mfereji, basi mwenyewe ameshika kazi ya umma, na kazi hiyo ina wajibu wake. Pampu ni yake, tangi ni lake, na malipo ya kazi yake ni halali. Ukimya si wake. Akipima maji na majibu yakawa mabaya, wanaokunywa wana haki ya kuambiwa. Chumvi ikianza kupanda, apunguze saa za pampu hata kama mikokoteni imepanga foleni. Na anayechimba choo aulize kwanza kisima cha jirani kiko wapi.

Tabu ni kwamba anayejizuia peke yake anajinyima bure: alichobakisha kitavutwa na wa ng'ambo. Ndiyo maana haitoshi kuwaachia watu dhamiri zao. Lazima mtaa ukubaliane, na aliyeshika amana azijue pampu zote na athubutu kuzizima zinapobidi. Kuanza si kugumu. Muulize jirani yako leo: maji yako yana ladha gani siku hizi?