Msizike Mlichopewa

Ndugu zangu, mlio na simu kubwa na mnaoazima ya jirani, nisikilizeni. Kuna deni tumelibeba sote, na wengi wetu hatujui hata kama tunadaiwa.

Tarehe 30 Aprili 1993, kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, kilitangaza kwamba teknolojia ya wavuti aliyoibuni Tim Berners-Lee ni mali ya umma: atakayeitumia halipi wala haombi ruhusa. Miaka miwili nyuma yake, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alikuwa ametoa kiini cha programu kiitwacho Linux, akawaachia watu wakisome, wakirekebishe, wakigawe. Leo kila simu ya Android iuzwayo Kariakoo inaendeshwa na kiini hicho. Mama ntilie anayepokea malipo kwa simu, bodaboda anayetafuta njia, mtoto anayehangaika na hesabu, wote wananeemeka kwa jasho la watu wasiowajua. Hatukuletewa ankara. Je, sisi tumeweka nini?

Msiniambie hatuwezi! Kenya ilipokuwa inawaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, matangazo ya moja kwa moja yalipigwa marufuku na watu wakabaki gizani. Mwanzoni mwa 2008, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia wakaunda Ushahidi, mwananchi aeleze alichokiona na kionekane kwenye ramani. Wangeweza kuifungia kazi yao na kuiuza. Waliiacha huria. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko likaiangusha Port-au-Prince, na programu iliyozaliwa katika machozi ya Wakenya ikawa kazini Haiti ndani ya muda mfupi. Wahaiti walioko ughaibuni waliutafsiri ujumbe wa Krioli uliotumwa kwa simu, ili waokoaji wajue nani anaomba msaada na yuko wapi. Fikirini, wapendwa: hasira na uchungu wa Nairobi viligeuka kuwa mkono wa kumwinua mtu wa Karibi ambaye hatutakutana naye maisha.

Tazameni na ramani. OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, ramani ya dunia inayochorwa na yeyote na kutumiwa na yeyote. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walizunguka mitaa yao na vifaa vya GPS, wakachora vyoo, zahanati, shule na vichochoro vya mahali ambapo ramani nyingi zilipaacha patupu. Kisha Dar es Salaam, mwaka 2015, kazi ya Ramani Huria ikawatoa darasani wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakaingia Tandale na kata nyingine zinazofurika, bega kwa bega na wenyeji. Mtaro unaanzia wapi? Umezibwa wapi? Maji ya mafuriko yalifika ukuta upi? Hakuna setilaiti inayoyajua hayo. Anayeyajua ni mama aliyetoa godoro lake nje usiku. Maarifa yake yaliingia kwenye ramani, na hakuna anayeweza kutuuzia tena kilichotoka kinywani mwetu.

Lakini hapa ndipo moyo unaponiuma. Kiswahili kina wasemaji zaidi ya milioni 200 kwa hesabu ya UNESCO, iliyotupa hata siku yetu, tarehe 7 Julai. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003. Ina makala chache, ilhali ya Kiingereza imepita milioni 6, na hizo zetu zinabebwa na kikundi kidogo cha watu wa kujitolea. Milioni 200! Tuna vidole vya kutuma video ya mtu mwingine kwenye makundi kumi kabla ya chai, na huko tunadhani tumetoa. Hatujatoa kitu. Yule mtumwa wa mfano wa Injili aliyeifukia talanta ardhini hakuiiba, aliirudisha nzima. Kosa lake lilikuwa ni kuizika.

Nami sisemi mwibe. Wimbo wa taarabu una mwenyewe, picha ina aliyeipiga, hadithi ya babu ina babu. Muombeni kwanza, na akikataa, heshimuni. Msiianike siri ya mgonjwa wala sura ya mtoto kwa jina la uhuria. Kilicho chenu ndicho mtoe, kwa leseni. Tangu 2002 zipo leseni za Creative Commons: jina lako linabaki, na wewe ndiye unayeamua wengine wafanye nini. Wengi wanashtuka wakiambiwa kwamba picha itakayoingia Wikipedia lazima hata mfanyabiashara aruhusiwe kuitumia. Mimi nasema mruhusuni. Akipata riziki kwa picha ya bandari ya Tanga na jina lako likiwa chini yake, umepungukiwa nini?

Basi inukeni! Mwalimu, maelezo yako ya usanisinuru yaliyowafaulisha mamia, yaandike. Nesi, eleza homa ya dengue kwa Kiswahili ambacho mjukuu atamsomea bibi yake. Wewe uliyeko Muscat au Bujumbura, Kiswahili cha nyumbani kwenu kina majina ya samaki na mitishamba ambayo kamusi hazina, yarekodi. Na nyinyi wakuu wa vyuo, tasnifu zilizoandikwa kwa fedha ya umma na kufungiwa kabatini, nawasihi, zifungueni wiki hii. Mwanafunzi wa Kigoma anazitafuta sasa hivi, na bando lake linaisha saa sita usiku.