Waliofungwa na Walioanguka: Msaada kwa Wateswa katika Kanisa la Karthago

Gereza la Kirumi lilikuwa hasa mahali pa kumweka mtu akisubiri hukumu, na serikali haikujishughulisha sana na tumbo lake. Mfungwa aliishi kwa kile alicholetewa na jamaa zake. Ndiyo maana, katika makanisa ya karne za kwanza, kumtegemeza ndugu aliyeshikwa kwa ajili ya imani kulikuwa kwanza ni suala la mkate, nguo na fedha. Tertuliani wa Karthago, akiandika mwishoni mwa karne ya pili, anaeleza kuwa waumini walichanga kila mwezi, kila mtu kwa hiari na kadiri ya uwezo wake. Fungu hilo liliwahudumia maskini na yatima, pamoja na waliokuwa migodini, visiwani au gerezani kwa sababu ya dini yao.

Sehemu ya fedha za namna hiyo iliishia mikononi mwa askari. Perpetua, mama kijana aliyeuawa Karthago mwaka 203, ameacha masimulizi ya kifungo chake. Humo anasema mashemasi wawili, Tertio na Pomponio, waliwalipa walinzi ili wafungwa wahamishiwe kwa saa chache mahali penye nafuu. Hapo akapata kumnyonyesha mwanawe aliyekuwa amedhoofika kwa njaa. Ilikuwa rushwa, hakuna jina jingine, na masimulizi hayaoni haya kuitaja.

Ukarimu huo ulijulikana hata nje ya Kanisa. Lukiano wa Samosata, mpagani aliyependa kudhihaki, alisimulia kisa cha Peregrino, tapeli aliyefungwa kama Mkristo: alfajiri wajane na yatima walikuwa tayari wakingoja nje ya gereza, na wajumbe walifika kutoka miji ya Asia kwa gharama za makanisa yao. Lukiano alitaka wasomaji wacheke, lakini bila kukusudia aliacha ushahidi mzuri wa jinsi kazi hiyo ilivyopangwa.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 250, Kaisari Decius alipoamuru watu watoe dhabihu kwa miungu na kupewa hati ya kuthibitisha hivyo. Baadhi ya hati hizo zimepatikana Misri. Askofu Sipriani wa Karthago alijificha, na wapo waliomlaumu kwa hilo. Huko mafichoni aliandika barua zenye maagizo ya mtu anayejua hatari: waumini wasiende gerezani kwa makundi, makasisi na mashemasi wapokezane zamu ili sura zilezile zisizoeleke, na siku ya kufa kwa kila mfungwa iandikwe. Fedha zake mwenyewe zilitumika kwa wajane, wagonjwa na wageni.

Kumhudumia aliyesimama imara, hata hivyo, hakukuwa na utata mkubwa. Utata ulikuwa kwa walioanguka, nao walikuwa wengi: waliotoa dhabihu, na waliojinunulia hati bila kutoa. Hao waliwaendea wafungwa kuomba barua za kuwarudisha kundini, na wafungwa, kwa huruma, wakazitoa kwa wingi. Sipriani alilalamika kwamba nyingine zilimtaja mtu mmoja “pamoja na watu wake”, bila kusema ni wangapi. Heshima iliyotokana na mateso ilikuwa imegeuka mamlaka yanayoshindana na ya askofu.

Mtaguso wa Karthago wa mwaka 251 ulitofautisha makosa. Wenye hati tu walipokelewa baada ya kila mmoja kuchunguzwa. Waliotoa dhabihu waliendelea na toba, wakiahidiwa upatanisho saa ya kufa. Muda si mrefu, mateso mapya yalipotarajiwa, maaskofu walilegeza zaidi na kuwapokea wote waliodumu katika toba. Sababu yao ilikuwa ya kichungaji: atakayeombwa kumwaga damu yake kwa ajili ya Kristo hawezi kunyimwa kikombe cha damu ya Kristo, na aliyeachwa nje hana silaha. Hoja hiyo ina nguvu kuliko ile ya kungoja hadi kufa, kwani inamwona aliyeanguka jana kuwa ndiye anayehitaji msaada zaidi kesho. Huko Roma, kasisi Novatiano alikuwa amekataa kuwapokea walioanguka, akaongoza Kanisa la kujitenga lililodumu karne kadhaa.