Kuficha Jina la Mtengenezaji: Haki, Ahadi na Tadlisi

Tovuti nyingi za leo hazijengwi kuanzia msingi, bali huvikwa kiolezo, yaani muundo uliokwisha kutayarishwa na fundi mwingine, na kiolezo hicho aghalabu hubeba chini ya ukurasa jina la aliyekitengeneza au la programu inayokiendesha, kama vile WordPress, iliyoanza mwaka 2003. Mwenye tovuti asiyelitaka jina hilo huweza kulificha kwa mstari mmoja wa CSS, lugha inayoupa ukurasa rangi, vipimo na mpangilio wake: huitaja sehemu inayohusika, huiandikia amri ya display: none, na kivinjari huacha kuionyesha. Jina halikufutwa, limo bado ndani ya msimbo, na yeyote atakayeufungua atalisoma. Je, aliyefanya hivyo ametumia haki yake, au amedanganya?

Jibu la sheria hutegemea leseni. GPL, leseni ya programu huria ambayo toleo lake la pili la mwaka 1991 ndilo linalotumiwa na WordPress, humruhusu mtu kuubadilisha msimbo apendavyo, na sharti lake la kubakiza ilani ya hakimiliki huwahusu wanaousambaza msimbo huo kwa wengine, si maandishi anayoyaona msomaji chini ya ukurasa. Kwa kiolezo cha namna hiyo, kuficha jina si wizi, wala si haki kumtwisha mtu hatia ambayo mwenye mali mwenyewe hakuiweka. Lakini vipo violezo vilivyotolewa kwa leseni ya Creative Commons inayodai mtengenezaji atajwe, na vipo vinavyotolewa bure kwa sharti kwamba jina libaki mpaka mtumiaji alipie kuliondoa. Hapo anayejitetea kwamba jina limo ndani ya msimbo ameshika maneno ya ahadi na kuitupa maana yake, kwa kuwa jina lilikusudiwa lionekane, na kule kuonekana ndiko kulikokuwa malipo ya fundi.

Elimu ya Hadithi, yaani ya mapokeo ya Mtume Muhammad, ililichambua jambo la jinsi hii kwa makini kuliko wanasheria wa leo. Wanazuoni waliita tadlisi kitendo cha mpokezi kumruka yule aliyemsikilizisha habari na kuisimulia kwa tamko lenye utata, kana kwamba aliipata moja kwa moja kwa mkubwa zaidi. Wanafikihi nao hulitumia neno hilo hilo kwa muuzaji anayeficha kasoro ya bidhaa. La kuzingatiwa ni kwamba mpokezi huyo huenda hakutamka uongo hata mmoja: alinyamaza mahali ambapo kunyamaza kwake kungemfanya msikilizaji aamini lisilokuwa. Hata hivyo wapokezi wa namna hiyo hawakuhukumiwa wote sawa, na Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 1449, aliwapanga katika tabaka tano, kuanzia wale ambao jambo hilo lilitokea kwao kwa nadra.

Kipimo hicho, cha kunyamaza kunakompotosha msikilizaji, kinafaa hapa. Mwenye duka anayeficha maandishi kwa sababu yanaharibu sura ya ukurasa, na leseni inamruhusu, hajamdanganya mtu, kwa maana mnunuzi wa viatu hakuja kuuliza nani alichora ukurasa. Fundi anayelificha jina hilo, kisha akamuuzia mteja kiolezo cha bure kwa bei ya kazi iliyobuniwa upya, ameingia katika tadlisi kwa maana zake zote mbili, maana ameficha chanzo na ameficha hali ya bidhaa, na ruhusa ya GPL haimwokoi, kwa kuwa leseni hiyo huruhusu kuuza lakini haimruhusu mtu yeyote kusema uongo.

Kwa hiyo anayetaka kulificha jina asome leseni kabla ya kuandika amri ile, na mteja aelezwe kwa maandishi, kabla hajalipa, ni kipi kilichochukuliwa kwa wengine na ni kipi fundi alichokibuni mwenyewe.