Mtoto wa wote, nani atamtoa shuleni?



Kuna neno tunalopenda kulisema katika mikutano yetu, kwamba mtoto si wa mtu mmoja. Mama mdogo ni mama, baba mkubwa ni baba, na jirani ana haki ya kumlisha na ya kumkemea. Neno hilo ni jema, wala hatulikatai. Lakini yafaa tulipime kwa swali gumu. Siku mlima unapowaka, au risasi zinapolia karibu na shule, watu kumi wako mlangoni na kila mmoja anasema: «Mwalimu, nipe yule, ni mtoto wetu». Mwalimu afanye nini? Akimkatalia ndugu ambaye anamwona kanisani kila Siku ya Bwana, amekosa upendo? Na akimpa, je, ametimiza upendo?

Wenye kukaa Goma wanajua kwamba swali hili si la mchezo. Alhamisi tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulipasuka asubuhi. Moto wake ulipita katikati ya mji mpaka ziwa Kivu, ukaukata mji vipande viwili. Wa upande mmoja walikimbilia Gisenyi, wa upande mwingine wakafuata njia ya Sake, na mwenye mtu wake ng'ambo ya pili hakuwa na njia ya kumfikia.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 ulipasuka tena, safari hii giza likiingia. Madarasa yalikuwa matupu, watoto wengi walikuwa karibu na wazazi wao. Hata hivi, kesho yake UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na jamaa zao, na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kuwa wamepotea. Watu 5,000 hivi walikuwa wamevuka mpaka wa Rwanda, na 25,000 hivi walikuwa wamekwenda Sake. Tarehe 27 Mei wakubwa wa jimbo wakaagiza kartie 10 kati ya 18 za mji zihame, barabara zikajaa upya. Sasa tuwaze: kama ilikuwa hivyo jioni ya Jumamosi, ingekuwaje saa nne ya asubuhi siku ya Jumanne, mtoto yuko darasani, mama yuko sokoni, baba yuko kazini upande wa pili wa mji?

Wengi wanafikiri kwamba mtoto hupotea kwa kukosa wa kumpenda. Sisi tunaona kwamba mara nyingi hupotea katikati ya wampendao. Yosefu na Maria walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani Yesu yumo katika msafara, pamoja na jamaa na rafiki. Alikuwa na miaka 12. Hawakuwa wazazi wabaya. Walikuwa na jamaa wengi, na wingi ule ndio uliowatuliza. Hakuna aliyeulizwa kwa jina: «Wewe, unaye?» Ndivyo mtoto wa wote anavyoachwa na wote, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake amemshika mkono.

Tena kuna huruma inayopoteza. Baada ya mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994, watoto waliotengana na wazazi katika nchi zetu hizi walihesabiwa kupita 100,000. Wengine walikuwa wadogo mno, hawakuweza kutaja hata jina la baba, ikawa lazima kuwapiga picha na kuzionyesha kambini ili mama azitazame moja moja. BBC ilianzisha kipindi cha Kinyarwanda kilichoitwa Gahuzamiryango, maana yake mwenye kuunganisha jamaa, kusudi majina yasikike redioni. Kazi yote hiyo! Mtu anayemwona mtoto analia peke yake njiani, akamhurumia, akampandisha gari na kumpeleka mbali bila kumwambia yeyote amemwokota wapi, huenda amemwacha mama hatua mia nyuma akimtafuta. Dada yake Musa hakuwa na nguvu ya kumwokoa ndugu yake, lakini alisimama mbali kidogo na kile kikapu, ajue ni mkono gani utakaomchukua. Na kwa kuwa alijua, mtoto alirudi kwa mama.

Basi jibu letu ni hili: mwalimu ana haki ya kukataa, na mkristo anayekataliwa asione haya wala hasira. Kujulikana kwa uso hakutoshi. Tangu mapatano ya mwaka 1977, makanisa mengi ya Kongo yanasimamia mashule pamoja na Serikali. Kwa hiyo jambo hili haliwezi kuachiwa bwana direkta peke yake. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo kila mzazi aandikishe watu wawili au watatu wanaoruhusiwa kumtoa mtoto wake. Anayekuja aonyeshe karti yake, hata kama ni mzee wa kanisa. Iandikwe saa, jina lake, na upande anaoelekea: Sake, mpaka, bandari. Mtoto na wadogo zake watolewe pamoja. Mtoto mdogo afundishwe majina kamili ya wazazi na ya avenyu, maana «Mama» si jina ambalo Msalaba Mwekundu utaweza kulitafuta. Karatasi yenye majina hayo iwekwe ndani ya nguo, isionekane nje, mtu mwovu asije akamwita mtoto kwa jina lake.

Mtu atasema: na moto ukifika huku mwalimu anauliza karti? Hapana. Kukataa kumtoa kwa mtu si kumweka katika hatari. Darasa zima linaondoka na mwalimu wake na daftari lake, kwenda mahali ambapo wazazi waliambiwa tangu mwezi wa tisa. Mzazi anayejua mahali hapo haendi kupambana na umati kwenye mlango wa shule.

Linabaki neno moja, na kwetu ndilo zito kuliko yote. Tunamwomba mwalimu abaki mpaka mtoto wa mwisho apate mtu wake. Mwalimu huyu, ambaye kwa miaka mingi mshahara wake ulikuwa vipande vya franka vilivyotoka mifukoni mwa wazazi, naye ana watoto, na labda wako shule nyingine. Kwa haki gani tumwambie awalinde wa kwetu na kuwaacha wa kwake? Hatuna haki hiyo, isipokuwa tumemwonyesha mapema, kwa jina, ndugu au dada atakayekwenda kuwachukua. Kwa hiyo tunaomba kila parokia yenye shule ianze daftari lake kwa watoto wa walimu, na majina ya watakaowatoa yasomwe mbele ya kanisa kabla ya mwezi wa tisa.